Uchakavu wa Viti vya Gari: Kutoka Singa za Farasi hadi Plastiki

Magari ya kwanza yalipoundwa Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19, kazi ya kuyawekea viti iliangukia mikononi mwa mafundi wale wale waliokuwa wakipamba magari ya kukokotwa na farasi, nao waliuhamisha ujuzi wao pasipo kuubadili: springi za chuma chini, singa za farasi juu yake, yaani nywele ndefu za mkia na shingo, kisha ngozi iliyovutwa na kubanwa kwa vifungo ili ujazo usihame. Dereva, aliyeketi nje akipigwa na jua na mvua, aliwekewa ngozi kwa kuwa hufutika upesi, ilhali abiria wa ndani waliketi juu ya kitambaa cha sufu kilichohesabiwa kuwa cha heshima zaidi, jambo linaloweza kumshangaza mnunuzi wa leo anayelipia ngozi kama anasa.

Kiti cha namna hiyo kiliundwa kwa matarajio kwamba siku moja kitafumuliwa. Ujazo ulipobonyea, fundi alikata mshono, akazitoa singa na kuzichambua kwa mkono hadi zikafumuka tena, akaongeza kidogo pale zilipopungua, kisha akashona upya kwa kufuata matundu ya zamani. Ngozi nayo ilipakwa mafuta mara kwa mara, maana ikikauka hupasuka penye mikunjo.

Viwanda vilipoanza kutoa magari kwa maelfu, ngozi ya ng'ombe ikawa ghali mno. Mwaka 1910 kampuni ya DuPont ya Marekani iliinunua kampuni ya Fabrikoid, iliyotengeneza ngozi ya bandia kwa kukipaka kitambaa cha pamba tabaka za nitroselulosi, yaani pamba iliyogeuzwa kwa asidi kisha ikayeyushwa, na kuzilainisha kwa mafuta ya mbarika. Bidhaa ya aina hiyo ilijulikana Uingereza kwa jina la Rexine, na Ford nayo ilitumia ngozi ya bandia katika Model T. Hapo ndipo uchakavu wenyewe ulipobadilika tabia. Ngozi halisi huchakaa polepole na hukubali kurudishiwa mafuta, lakini tabaka la kupakwa likishapoteza kilainishi chake hukakamaa, hufanya nyufa na kubanduka, na hakuna cha kupaka juu kinachoweza kulirudisha lilivyokuwa.

Kwa kuwa kuponya kulikuwa kugumu, kukinga kukawa biashara. Katika miaka ya 1930 Wamarekani walinunua kava zilizofumwa kwa nyuzi za karatasi iliyosokotwa, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja kava za Saran, plastiki iliyogunduliwa kwa bahati mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya Dow, ambayo nyuzi zake hazikunywa maji wala kushika madoa kwa urahisi. Mwenye gari aliketi miaka mingi juu ya plastiki ili kuhifadhi kitambaa asichokigusa, akamwachia mnunuzi wa pili raha aliyoigharimia yeye.

Wakati huo vinaili, yaani plastiki ya PVC iliyolainishwa, ilikuwa imekwisha kuingia. Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich alipata mwaka 1926 njia ya kuilainisha plastiki ya PVC, ambayo kwa asili yake ni ngumu, kwa kuichanganya na vimiminika visivyopotea upesi. Havipotei upesi, lakini hupotea: ndani ya gari lililofungwa vioo juani, kilainishi hufuka kidogo kidogo, na sehemu yake huganda kama utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele, huku kiti kikizidi kuwa kikavu. Mpasuko ukitokea, fundi hupunguza kingo zilizoinuka, hupenyeza kipande cha kitambaa chini yake na kukigandisha kwa gundi, hujaza pengo kwa tabaka nyembamba, kisha hupaka rangi. Asipoweka kitambaa hicho, ufa hufunguka tena palepale, kwa sababu uzito wa mkaaji huuvuta kila anapoketi.

Ujazo nao una historia iliyogusa Afrika Mashariki. Mkonge, ulioletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, haukuishia kwenye kamba na magunia, kwani nyuzi fupi za katani zilifaa kufanywa matandiko ya kutenganisha springi na ujazo laini wa juu, nayo makumbi ya nazi yalitumika katika viti vya Volkswagen. Sponji ya poliurethani, iliyoenea tangu miaka ya 1950, iliviondoa vyote viwili: ni nyepesi na humiminwa katika umbo lolote, ila ikizeeka husagika kuwa unga, hasa ubavuni upande wa mlango, ambako dereva hujisugua kila anapopanda na kushuka. Hapo fundi hukata sehemu iliyolika, akagandisha kipande kipya na kukichonga kwa kisu.

Ubavu huo huo, tangu Volvo ilipoweka mifuko ya hewa ya pembeni ndani ya viti mwaka 1994, umekuwa mahali pa hatari katika magari mengi, kwa sababu mfuko hutoka kwa kupasua mshono uliokusudiwa kukatika, na uzi mnene kupita kiasi, au kava la kuvisha lisiloachwa wazi upande huo, huweza kuuzuia.