Hesabu ya Viti na Bei ya Jua

Safari ya ndege kwenda pwani kuota jua imezoewa sana katika Ulaya, hata watu wengi hudhani kwamba ilizaliwa siku moja na eropleni. Dhana hiyo haina msingi. Eropleni za abiria ziliruka juu ya Ulaya kwa miaka thelathini kabla mwalimu wa shule au karani wa Uingereza hajaweza kuipanda mojawapo kwa ajili ya mapumziko. Mambo mawili yalikuwa yakingojewa: hesabu sahihi ya viti na kibali cha serikali. Jinsi mawili hayo yalivyopatikana ni habari inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu faida na hasara zilizofuata zote zilitokana nayo.

Uingereza ya mwaka 1950 ilikuwa nchi iliyoshinda vita lakini ikabaki na uchovu wake. Sheria ya mwaka 1938 ilikuwa imewafungulia mamilioni ya wafanyakazi njia ya kupata likizo yenye malipo, lakini likizo hiyo ilimalizikia katika miji ya pwani ya nyumbani, ambako mvua haikosi hata wakati wa kiangazi. Nyama ilikuwa bado ya mgao, na mgao huo haukuondolewa mpaka mwaka 1954. Safari za ndege za ratiba kwenda Ulaya zilikuwa mikononi mwa shirika la serikali, British European Airways, lililoundwa mwaka 1946. Nauli yake ya kwenda Nice na kurudi ilikuwa paundi 70 hivi, yaani kadiri ya mshahara wa miezi miwili wa mfanyakazi wa kiwandani. Kwa mtu wa namna hiyo, jua la Mediteranea lilikuwa kitu cha kusoma vitabuni.

Mtu aliyeibadili hali hiyo hakuwa rubani wala tajiri. Vladimir Raitz alizaliwa Moscow mwaka 1922, akapitia Berlin na Warsaw katika utoto wake, kisha akahamia London, ambako alipata elimu na kufanya kazi katika shirika la habari la Reuters. Mwaka 1949 alikwenda kupumzika Calvi, mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Corsica. Safari yake ya garimoshi na meli ilikuwa ndefu na ya kuchosha, lakini huko alikuta bahari safi, chakula tele na wenyeji waliotamani kupata wageni kutoka Uingereza. Aliporudi, swali moja halikumtoka moyoni: je, ingekuwaje kama watu wangefika huko kwa siku moja, tena kwa bei ya mtu wa kawaida?

Jawabu lake lilikuwa la hesabu. Ndege ya ratiba huondoka ikiwa imejaa au haikujaa, na gharama ya viti vitupu hubebwa na wale waliolipa. Tuseme, kwa mfano, kwamba safari moja ya Dakota yenye viti 32 yagharimu paundi 640. Wakipanda watu 16, kila mmoja atalipa 40. Wakipanda 32, kila mmoja atalipa 20. Basi Raitz aliazimu kukodi ndege nzima, kukijaza kila kiti, na kuuza nauli, kitanda na chakula kwa bei moja. Aidha, ndege iliyowapeleka wageni wapya ingewarudisha wale waliokwisha pumzika, ili isirudi tupu. Haba na haba hujaza kibaba. Kiti na kiti hujaza ndege. Kwa urithi wa paundi 3,000 kutoka kwa bibi yake alianzisha kampuni, akaiita Horizon Holidays.

Hata hivyo hesabu haikutosha peke yake. Ndege ya kukodi haikuruhusiwa kuruka bila idhini, na wakuu wa serikali walilichelea shirika lao lisinyang'anywe abiria. Miezi ilipita katika maombi na majibu. Hatimaye kibali kilitolewa kwa sharti kwamba wasafiri wawe wanafunzi na walimu tu. Bila shaka waliotoa sharti hilo walitumaini kwamba mlango mwembamba hivyo usingepitiwa na wengi.

Tarehe 20 Mei 1950 Dakota ya kwanza iliondoka Gatwick. Abiria waliolipa nauli kamili walikuwa 11 tu. Ilitua Calvi katika uwanja uliojengwa wakati wa vita, na wageni wakalala katika mahema. Walilipa paundi 32 na shilingi 10 kwa majuma mawili, nauli ikiwamo, na waliwekewa mezani nyama na mvinyo ambavyo nyumbani vilikuwa tunu. Msimu ulipokwisha, wasafiri walikuwa 300 hivi, pungufu ya idadi iliyohitajiwa, na mwenye kampuni alipata hasara. Lakini njia ilikuwa imekwisha funguliwa. Mwaka 1952 ndege zake zilifika Palma, katika kisiwa cha Majorca, na wafanyabiashara wengine wakafuata nyayo.

Hapo ndipo hesabu ya viti ilipoanza kuumba upya hata pwani yenyewe. Kiti kilichojaa chahitaji kitanda, na vitanda mia vyahitaji hoteli. Benidorm, katika Hispania, ulikuwa mji wa wavuvi waliosifika kwa mitego ya jodari. Meya wake, Pedro Zaragoza, alisimamia ramani mpya ya mji iliyopitishwa mwaka 1956, na baada ya muda hoteli za ghorofa nyingi zilisimama mahali palipokuwa mashamba. Mwaka 1959 serikali ya Hispania ilishusha thamani ya fedha yake na kulegeza masharti ya viza. Mwaka 1960 nchi hiyo ilipokea wageni wapatao milioni 6. Mwaka 1973 walikuwa karibu milioni 34. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mtoto wa mvuvi alipata mshahara ambao baba yake hakuuota.

Ila bei ndogo haiachi nafasi ya kukosea. Kampuni zilishindana kushusha bei hata faida ya kila msafiri ikawa haba mno, na mafuta yalipopanda bei mwishoni mwa mwaka 1973, hesabu zilivunjika. Tarehe 15 Agosti 1974 kampuni ya Court Line, ambayo ilikuwa imekwisha inunua Horizon, ilifilisika, huku makumi ya maelfu ya wateja wakiwa ng'ambo. Mwaka 1975 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mfuko wa akiba ili msafiri asipoteze fedha yake wala asiachwe ugenini.

Msafiri alipata ngao yake mapema. Mwenyeji bado aitafuta ya kwake. Mwaka 2024 maelfu ya wakazi wa visiwa vya Canary na Majorca waliandamana, wakilalamika kwamba nyumba za kupanga zimegeuzwa malazi ya wageni na kodi zimewashinda watu wa kazi, wakiwamo wale watandikao vitanda vya hoteli. Raitz, aliyefariki mwaka 2010, alikuwa amekokotoa gharama ya ndege, ya hema na ya chakula. Kodi ya nyumba ya mwenyeji haikuwa na safu katika hesabu ile ya mwaka 1950, na wala wakati ule haikuonekana kuwa na haja ya kuwamo. Leo yaandikwa na wenyeji wenyewe, juu ya mabango.