Itulo: Tuongee Kabla Ng'ombe Hazijashuka



Kuanzia mwezi wa sita, kiangazi kinakausha majani kule juu, Itombwe na Minembwe. Wafugaji wanashusha ng'ombe Fizi na bonde la Ruzizi. Maharagwe na mahindi tumekwisha kuvuna, lakini mihogo iko bado udongoni, sababu inakaa mwaka na zaidi. Ndiyo maana ugomvi unaanzia kwa mihogo.

Zamani kulikuwa kanuni, jina lake itulo. Mfugaji alienda kwanza kwa chefu wa kimila, akatoa zawadi, mara nyingi ng'ombe moja, ndipo akaonyeshwa pa kulishia. Haikuwa bei ya majani tu: mgeni na mwenyeji walilazimika kuongea mapema.

Lakini itulo ilikuwa na tundu. Zawadi ilibaki kwa chefu. Mama aliyeliwa mihogo alirudi mikono mitupu. Kisha sheria ya 1973 ikasema udongo wote ni wa serikali, na ule wa kimila ukaachwa ungojee ordonansi ya raisi, ambayo kwa miaka mingi haikutoka. Sasa mwenye haki ya kupokea ni nani? Vita ya 1996 ikazidisha mambo. Wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Tanzania, mashamba yakageuka pori, ng'ombe zikazoea kupita. Watu wa bunduki nao wakaanza kulipisha wafugaji. Tuliporudi, kuanzia 2005, tulifungua mashamba tena, mengine katikati ya njia ya ng'ombe.

Mimi mwenyewe nilikosea hapo. Nilisaidia kijiji kimoja kuandika kanuni, faini ikiwa ndani. Walimaji walipiga makofi. Mfugaji hata mmoja hakuwapo. Ng'ombe ziliposhuka, ile karatasi haikuzuia hata ndama.

Kwa hiyo, mwaka huu tufanye hivi. Mwezi wa tano, walimaji na wafugaji watembee pamoja kwa miguu, waweke alama za njia na za maji. Wapatane tarehe ya kushuka na ya kupanda. Shamba likiharibiwa, mashahidi wa pande zote mbili walipime siku ileile, na malipo yaende kwa mwenye shamba, si kwa mwingine. Nasi walimaji tusilime ndani ya njia tuliyokubali.

Wazee walituachia mazungumzo. Sisi tuzibe lile tundu.