Mpaka Juu ya Meno ya Sabyinyo

Wanafunzi wa historia tumezoea kuandika kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa kwa rula mjini Berlin mwaka 1884 na 1885. Ni sentensi inayopendwa kwenye mitihani, na kwa sehemu nyingi ina ukweli ndani yake. Lakini ukipanda nayo Mlima Sabyinyo, inakwama. Huko juu mpaka hauna unyoofu wowote. Unafuata mgongo wa mlima, unapanda na kushuka pamoja na mawe, na mtu asiyejua habari zake angeapa kwamba Mungu mwenyewe aliuweka pale. Katika insha hii ninadai kwamba mpaka wa Sabyinyo, Gahinga na Muhabura umetokana na maneno ya watu kama mpaka wowote wa rula, na pengine zaidi, maana ulianza kwa kugombania mlima ambao wagombanaji hawakujua uko wapi.

Sabyinyo ni mmojawapo wa milima minane mikubwa ya volkano iitwayo Virunga, inayojipanga kati ya Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Una urefu wa zaidi ya mita 3,600, na jina lake linahusu meno, kwa sababu ukiutazama kutoka Kisoro vilele vyake vinafanana na ufizi wa mzee. Kutoka lango la Ntebeko, upande wa Uganda, mtu huupanda na kurudi kwa siku moja. Huanzia kwenye mashamba ya zamani ambayo sasa yameota vichaka, akaingia kwenye mianzi, kisha kwenye miti iliyovaa majani mafupi yanayoshika maji kama sifongo. Juu zaidi miti inakwisha. Zinabaki nyasi, maua makavu yasiyonyauka, na ile mimea ya ajabu ya milima yetu, lobelia na senesio, iliyosimama mirefu kama watu kwenye ukungu. Ngazi za miti zimefungwa kwenye miteremko mikali, na kati ya kilele cha pili na cha tatu njia inakuwa nyembamba. Ukielekea magharibi, mguu wa kushoto uko Rwanda na wa kulia uko Uganda. Kwenye kilele cha tatu nchi tatu zinakutana, na mahali penyewe hapatoshi kutandika mikeka mitatu.

Tukio la kwanza la kuliangalia ni la mwaka 1861. John Hanning Speke, akiwa Karagwe ambayo leo iko Tanzania, aliona kwa mbali sana upande wa magharibi vilele vyenye ncha kali. Wenyeji walimpa jina, naye akaliandika Mfumbiro. Hakufika huko. Kwenye ramani za Ulaya Mfumbiro ukawa mlima mmoja, umekaa peke yake, mahali palipokadiriwa tu. Henry Morton Stanley naye alipita nchi za jirani mwaka 1876 na tena mwaka 1889, na hata yeye hakukanyaga miguuni mwa volkano hizo.

Hata hivyo, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilipotia saini mkataba wao maarufu, ule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland na kuwaachia Waingereza Zanzibar, Mfumbiro uliingizwa ndani kwa jina. Mpaka wa magharibi mwa Ziwa Victoria ungefuata latitudo ya digrii 1 kusini hadi Kongo. Kisha likaongezwa sharti: ikiwa mlima Mfumbiro utagundulika kuwa kusini mwa mstari huo, basi mstari utapinda ili mlima ubaki upande wa Uingereza, halafu utarudi mahali pake. Madai ya Waingereza yalitegemea mikataba ambayo Stanley alisema amefanya na watawala wa huko katika safari yake ya mwisho.

Hebu tulipime sharti hilo. Volkano zenyewe ziko karibu digrii 1 na nusu kusini, kwa hiyo kwa mstari ule zingekuwa za Wajerumani. Ziko pia magharibi ya longitudo ya 30. Na kwa mipaka ambayo Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilikuwa imejitangazia mwaka 1885, eneo hilo lilikuwa tayari ndani ya Kongo. Maana yake ni kwamba mataifa mawili yaligawana mlima ambao kwa karatasi za wakati huo ulikuwa wa mtu wa tatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameufikia. Mzungu wa kwanza kuivuka Rwanda, Mjerumani von Götzen, alifika mwaka 1894. Ndipo Ulaya ilipoanza kuelewa kwamba Mfumbiro haukuwa mlima mmoja bali safu nzima. Sasa swali likawa, je, Waingereza waliahidiwa kilele kimoja au vyote? Na kipi?

Hapa ndipo ninapoona rula ina heshima yake. Mstari wa longitudo haumdanganyi mtu kwamba ni wa asili. Jina la mlima linadanganya, kwa sababu kila upande unaweza kulivuta hadi penye faida.

Mwaka 1909 uvutano huo ulikaribia kuwa vita. Waingereza walituma kikosi chini ya Kapteni Coote kiingie katika eneo la Kigezi ya leo, na kikakutana na askari wa Kibelgiji waliokuwa wanasema hapo ni Kongo. Wajerumani nao walikuwa wanalinda madai yao kuhusu Rwanda. Mwishowe wanadiplomasia waliitana Brussels mwaka 1910, na mwezi Mei walikubaliana. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kushindwa wazi, walichagua kitu kinachoonekana cha haki: vilele. Mpaka ungetoka Ziwa Kivu na kupita Karisimbi hadi Sabyinyo, ukitenganisha Wabelgiji na Wajerumani; kutoka Sabyinyo ungepita Gahinga hadi Muhabura, ukitenganisha Waingereza na Wajerumani. Tume ya pamoja ikaja mwaka 1911 kuweka alama. Kwa njia hiyo Bufumbira, nchi ya miguuni mwa milima upande wa kaskazini, ikawa Uganda.

Mfalme Yuhi Musinga wa Rwanda hakuwa na mjumbe Brussels. Kwa ikulu yake Bufumbira ilikuwa sehemu ya ufalme, ingawa ni lazima tuseme kwamba kaskazini yote ilikuwa sugu, na watu wa huko hawakuwa wakimtii mfalme kila alipotaka. Mwanamke aitwaye Muhumuza, aliyesema ana nguvu za Nyabingi, alikusanya wafuasi pande hizo hizo dhidi ya ikulu na dhidi ya Wazungu pia. Waingereza walimkamata mwaka 1911, mwaka ule ule wa tume ya mpaka, wakampeleka Kampala ambako alikaa hadi kufa kwake mwaka 1945. Nadhani sadfa hiyo ya miaka haipewi uzito wa kutosha. Kuweka alama za mpaka na kumwondoa mtu ambaye watu wa pande zote za mlima walimsikiliza zilikuwa kazi zinazosaidiana.

Maana kabla ya hapo milima ilikuwa inaunganisha. Lugha inayosemwa Kisoro, Kifumbira, inaeleweka bila shida Musanze. Jina la Muhabura lenyewe lina maana ya mwonyesha njia, kwa vile msafiri huuona kutoka mbali na kujielekeza. Katika imani ya Ryangombe, waliofuata njia yake wangepumzika kwenye baridi ya Karisimbi na wengine wangeungua Nyiragongo. Mtu anayeitazama safu namna hiyo haikati vipande.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, Wabelgiji wakaichukua Rwanda, na mstari haukusogea. Uhuru ulikuja Kongo mwaka 1960, Rwanda na Uganda mwaka 1962, na mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwaka 1964 ukaamua kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Uamuzi huo ninautetea. Kufungua upya kila mgogoro wa kila mlima kungetuua. Ila kuuheshimu mpaka si sawa na kuamini kwamba ulikuwepo tangu zamani, na vitabu vyetu vya shule huchanganya mambo haya mawili.

Mgongo wa mlima haukulala baada ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 1990, baada ya shambulio lao la kwanza kushindwa na kiongozi wao Fred Rwigyema kuuawa, wapiganaji wa RPF walijificha kwenye Virunga, wakateseka kwa baridi, na Januari 1991 wakashuka wakaishambulia Ruhengeri. Mwaka huo huo wa 1991 serikali ya Uganda ilitangaza upande wake kuwa Hifadhi ya Taifa ya Gorila ya Mgahinga. Wakulima waliokuwa wamepanda juu na mashamba yao waliondolewa. Batwa, walioishi kwa msitu ule kabla ya Waingereza, kabla ya Musinga, kabla ya jina la Mfumbiro kuandikwa, waliondolewa pia, tena bila fidia ya ardhi. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walitendewa isivyo haki na kwamba wanastahili kulipwa fidia. Katika mpaka huu wote, wao ndio walioufahamu mlima kuliko yeyote na ndio ambao hakuna mkataba uliowataja.

Gorila wamepata bahati nyingine. Kundi linalokaa Mgahinga huvuka kwenda Rwanda na Kongo linapotaka, na katika hesabu ya mwaka 2015 na 2016, iliyofanywa na nchi tatu kwa pamoja, safu nzima ilikutwa na gorila 604.

Kutoka kilele cha pili, ukungu ukifunguka, unaona wazi upande wa Rwanda: mashamba ya viazi na ya pareto, ambayo baadhi yalikatwa kutoka kwenye hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1960, na moshi wa jikoni. Kwa macho ni karibu kiasi kwamba unatamani kupiga kelele usikike. Kwa sheria, ili ufike kwenye nyumba ile unarudi Ntebeko kwa ngazi zile zile, unashuka Kisoro, unagonga muhuri Cyanika, unauzunguka Muhabura, kisha unapanda gari la kwenda Musanze. Na kati ya mwaka 2019 na 2022, mpaka ulipobanwa, hata njia hiyo ya kuzunguka haikuwa wazi kwa wengi.