Mafuta ya Giaboksi: Habari Zake Tangu Motokaa za Kwanza

Mtu anunuapo motokaa hutazama rangi yake, viti vyake na nguvu za injini. Ni wachache waulizao habari za mafuta yaliyomo ndani ya giaboksi. Lakini mafuta hayo yakipungua, gari husimama njiani, na mali nyingi hupotea. Leo twapenda kuwaeleza jinsi madereva walivyoyaangalia tangu siku za kwanza hata sasa.

Kwanza yafaa tujue kazi ya giaboksi. Injini huzunguka upesi sana, na gari lianzapo kuondoka au lipandapo mlima, magurudumu hayawezi kuufuata mwendo huo. Basi giaboksi, kwa gia zake kubwa na ndogo, hugeuza wepesi wa injini kuwa nguvu ya kuvuta. Chuma kisuguapo chuma hupata moto na kulika. Mafuta hukaa katikati yao, yakalainisha na kuchukua joto.

Mwaka 1908, huko Marekani, Henry Ford alianza kuuza gari lililoitwa Model T, na hata mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Katika gari hilo injini na gia zilitumia mafuta mamoja. Hapakuwa na kijiti cha kupimia, ila vibomba viwili vidogo upande wa chini, kimoja juu ya chenzake. Dereva ilimpasa aingie chini ya gari na kukifungua cha juu. Mafuta yakitoka, alijua kuwa yamejaa. Yasipotoka hata katika kile cha chini, gari halikufaa kuendeshwa. Kazi hiyo ilichafua nguo, lakini aliyeiona haya aliharibu gari lake.

Magari mengine yalikuwa na giaboksi ya peke yake, ambayo dereva hubadili gia kwa mkono na kukanyaga klachi. Giaboksi za namna hiyo zingali nyingi. Katika nyingi yao pana kizibo ubavuni: gari likisimama mahali sawasawa, injini imezimwa, fundi hukifungua, na mafuta yapasa kufika ukingoni mwa tundu.

Kisha yakaja mageuzi makubwa. Kampuni ya General Motors ilitoa giaboksi iitwayo Hydra-Matic katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Hiyo ilibadili gia yenyewe, wala dereva hakuwa na klachi ya kukanyaga. Ndani yake injini ilizungusha gurudumu lenye mapanga katika mafuta, na mafuta yakasukuma gurudumu la pili, kama upepo usukumavyo tanga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitiwa hata katika vifaru vya Marekani. Hapo mafuta hayakuwa tena ya kulainisha tu. Yalikuwa mchukuzi wa nguvu yenyewe. Mwaka 1949 kampuni hiyo ikaweka kanuni ya mafuta yake, ikayaita Type A.

Mafuta hayo yalitiwa pia mafuta ya nyangumi mwenye kichwa kikubwa, ili gia zishikane kwa upole. Lakini nyangumi hao waliwindwa mno. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliwaandika katika orodha ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka, na miaka michache baadaye matumizi ya mafuta yao yakakomeshwa. Wataalamu wakalazimika kutafuta dawa nyingine. Hivyo shida ya kiumbe wa baharini ilifika hata gereji.

Je, mwenye gari lijibadililo gia afanyeje? Kwanza asome kitabu cha gari lake, maana kanuni si moja. Katika magari mengi yenye kijiti, mafuta hupimwa yakiwa moto, injini ikinguruma, gari likiwa mahali sawasawa, breki imefungwa. Kijiti hutolewa, hupanguswa kwa kitambaa safi, hurudishwa, kisha husomwa: mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakizidi hufanya povu, nalo hudhuru kama upungufu. Mara nyingi mafuta mapya ni mekundu na maangavu. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, gia zaumia. Yakiwa kama maziwa, maji yameingia. Yakipungua, yatafutwe yanapovujia, wala yasiongezwe tu na kusahauliwa.

Magari mengi ya siku hizi hayana kijiti, na wengine hudhani hayahitaji kuangaliwa. La, yapelekwe kwa fundi. Yule wa mwaka 1908 alilala mavumbini ili ajue hali ya mafuta yake. Sisi tusishindwe kuuliza. Wahenga walinena: Mdharau mwiba mguu huota tende.