Zana za Mvuvi na Mapumziko ya Ziwa

Safari ya kwenda kuvua huanzia nchi kavu. Mtu anayetoka Ilembo, hapa mjini Mpanda, ana zaidi ya kilomita 100 za kusafiri kabla ya kuyaona maji ya Ziwa Tanganyika pale Karema, na alichokisahau nyumbani hatakikuta ziwani. Ndiyo maana kila wavuvi wa huko wanaponialika hukagua mzigo wangu mara mbili: koti zito, maana ziwani usiku kuna baridi hata wakati wa kiangazi; jaketi la kuokolea maisha; tochi na betri za akiba; mshipi na ndoano. Mwenye mtumbwi naye hukagua vya kwake: makasia ya akiba, upo wa kufulia maji, taa, na nyavu zilizokwisha shonwa.

Katika kukagua huko limenijia swali ambalo nadhani linamhusu kila mla dagaa wa Mpanda: zana iliyo bora ni ipi? Je, ni ile inayovua wengi zaidi? Historia ya ziwa hili inatoa jibu jingine.

Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470. Hata hivyo samaki hawaishi kote humo, kwani huko chini hewa ya oksijeni haipo. Uhai umo katika tabaka la juu. Usiku, vijidudu vidogo vya majini hupanda karibu na uso wa maji. Dagaa huvifuata, nao migebuka huwafuata dagaa. Wazee wetu hawakuwa na vipimo, lakini walilijua jambo hili: usiku wa giza, washa moto, dagaa watakuja wenyewe.

Zana zao zilikuwa chache. Moto wa kuni uliwashwa kwenye mtumbwi wa gogo, na mvuvi alichota dagaa kwa lusenga, yaani wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Kuni zikiisha, kazi imekwisha. Mwezi ukiwa mpevu, moto haukuwa na nguvu, basi watu walilala nyumbani. Kusi likivuma, kati ya Mei na Septemba, mtumbwi wa gogo haukuthubutu kwenda mbali. Kwa maneno mengine, uchache wa zana ulikuwa ndio sheria ya uvuvi. Ziwa lilipumzika bila mtu yeyote kuamua kwamba lipumzike.

Zana hizo zilikuwa na sifa nyingine: zilibebeka. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo cha Karema, na ngome ikajengwa karibu na maji. Lakini mwaka uliotangulia maji yalikuwa yamekwisha kufungua njia ya mto Lukuga, upande wa magharibi, na katika miaka kama kumi na mitano iliyofuata ziwa lilishuka kwa karibu mita 10. Ngome, ambayo mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe, ikabaki nchi kavu. Mvuvi yeye alichukua mtumbwi wake na lusenga yake akayafuata maji.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1950. Reli ilikuwa imefika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, ikaleta watu wa mshahara, wanunuzi wa kitoweo. Huko ziwani, karabai zilichukua nafasi ya kuni, na mitumbwi miwili ilifungwa pamoja kwa miti ili kubeba wavu mkubwa unaozamishwa na kuinuliwa. Upande wa Burundi, wavuvi wa Kigiriki walileta meli zenye nyavu za kuzungushia. Baadaye zikaja injini, na katika miaka ya karibuni taa za umeme wa jua, ambazo haziombi kuni wala mafuta ya taa.

Kila zana mpya ilimwondolea mvuvi shida moja, na papo hapo ikaliondolea ziwa pumziko moja. Wakati huohuo maji yenyewe yamepata joto. Mwaka 2003 watafiti walieleza katika jarida la Nature kwamba joto hilo linazuia maji ya chini, yenye rutuba, kuchanganyika na ya juu, na kwamba uzalishaji wa chakula cha samaki ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20. Wavuvi wakaongezeka, chakula cha samaki kikapungua.

Ndipo sheria ambayo zamani iliwekwa na giza, upepo na kuni ikabidi iandikwe na watu. Kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, uvuvi ulifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Si jambo jepesi. Mzee mmoja wa Karema, aliyenifundisha kushika kasia, aliniambia, “Mwanangu, ziwa limepumzika, lakini tumbo halikupumzika. Na ada ya mjukuu haingoji Agosti.” Sikuwa na la kumjibu. Sisi wa Ilembo tulikosa kitoweo tu, tukala maharage. Yeye alikosa kazi. Kama tunataka ziwa lipumzike, haki inadai kwamba gharama ya mapumziko isibebwe na mwenye mtumbwi peke yake.

Hata hivyo nilipomwuliza kama angependa kurudi kwenye lusenga, alicheka. “La hasha! Taa hii nzuri. Ila taa haijui kuchoka, basi sharti mwenye taa ajue kuizima.”

Kwangu mimi zana iliyo bora ni hiyo: ile ambayo mwenyewe anajua wakati wa kuiweka chini.