Kubadilisha amortisere kwenye gari ya zamani

Corolla nyingi za miaka ya 1990, resoro ya mbele inakaa juu ya sahani ya amortisere yenyewe. Ukileta amortisere ya gari ingine juu bei iko chini, bulo zinaweza kuingia sawa, lakini sahani ikawa ndogo ao ikapanda kupita ile ya kwanza. Hapo resoro inaweza kutoka kwa nafasi yake ukiingia kwenye shimo.

Uzito wa gari unabebwa na resoro. Amortisere kazi yake ni kutuliza kurukaruka tu. Gari ikikaa chini juu ya mizigo mingi, angalia resoro kwanza. Amortisere ngumu haitaiinua.

Mbele ya kulipa, pima ya zamani na mpya: zikivutwa mpaka mwisho, tena zikibanwa. Yenye kuvutika sana inaacha gurudumu lishuke kupita kiasi, na mpira wa freni unaweza kukatika. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Badilisha kuume na kushoto pamoja. Na fundi asifungue resoro bila chombo cha kuibana, maana ikiruka inaweza kuua mtu.