64 ama 128? Uliza Kwanza Landilodi ni Nani

Kila wiki inboksi yangu inajaa swali moja. "Buda, nichukue tableti ya 64 ama ya 128?" Mwingine: "Niko na doo ya 64, lakini muuzaji anasema nikiongeza kidogo napata 256. Niongeze?" Wengi mnataka niwape namba moja msonge mbele. Namba nitawapa, lakini mwisho. Swali lenyewe ni la zamani kuliko tableti, na ukijua lilikotoka, hautaangalia bei za Luthuli Avenue kwa macho yaleyale.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Historia ya nafasi ya kuhifadhi vitu ni historia ya kodi. Tulianza kama wapangaji, tukapata ploti zetu wenyewe, na sai tunarudishwa kwa upangaji polepole, bila kelele. Ukichagua GB za tableti, unachagua utakuwa mpangaji kiasi gani.

Wakati kila mtu alikuwa mpangaji

Mwaka wa 1956, kampuni ya IBM huko Marekani ilitoa kompyuta iliyoitwa RAMAC 305, ya kwanza ya biashara kuja na diski ngumu. Ilikuwa na diski 50, kila moja upana wa inchi 24, kama sinia ya pilau ya harusi, zimepangwa moja juu ya nyingine. Mtambo huo wa diski ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Na uzito wote huo ulibeba herufi milioni 5. Hiyo ni karibu saizi ya picha moja unayopiga kwa simu ukiwa ndani ya matatu.

Kitu cha maana hapa sio ukubwa wake. Ni vile ilipatikana. Makampuni mengi yaliikodi, kwa takriban dola 3,200 kila mwezi. Data yako ilikaa kwa mashine ya mtu mwingine, na usipolipa, mashine si yako. Weka hiyo kichwani, tutairudia.

Wakati tulipata ploti

Aliyebadilisha mambo ni injinia Mjapani anaitwa Fujio Masuoka, alikuwa Toshiba. Mwaka wa 1984 aliwasilisha aina mpya ya memori ambayo haisahau ukizima umeme, na ambayo unaweza kuifuta kwa mkupuo. Mwenzake kazini aliona huko kufuta kwa haraka kunafanana na mwanga wa kamera, ndio jina "flash" likazaliwa. Mwaka wa 1987 timu yake ikaleta aina ya NAND. Hiyo NAND ndiyo babu wa kile kiko ndani ya simu yako, memori kadi yako, na hiyo tableti unataka.

Mwaka wa 2000 flashi za kwanza za USB zikaingia sokoni zikiwa na MB 8. Usicheke. Diski laini ambayo watu walikuwa wanabeba wakati huo ilikuwa MB 1.44, kwa hivyo flashi moja ilibeba zaidi ya diski tano, na inaingia mfukoni.

Hapa kwetu flashi ilipata maana zaidi kuliko huko ilikotoka, na sababu ni intaneti. Hadi 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na dunia, na setilaiti ni polepole na bei yake ni kali. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, TEAMS na SEACOM, na mambo yakaanza kufunguka. Lakini waya kufika Mombasa sio waifai kufika kwa keja yako. Kwa miaka mingi baadaye, mtindo wa mtaa ulikuwa mmoja: mtu mmoja anapakua, watu mia wanakopi. Unaenda duka la muvi na flashi, jamaa anakuwekea msimu mzima wa series, unaenda nyumbani kutazama bila bando. Mambo ya haki miliki tuyaache siku nyingine. Ninachosema ni kwamba kizazi chetu kilijifunza kitu kimoja: kilicho ndani ya flashi yangu ni changu, hata bando likiisha.

Ngazi ya dola 100

Halafu tableti zikaja. Januari 2010 Apple ilionyesha iPad ya kwanza, na ikaanza kuuzwa Aprili. Ile ya waifai peke yake ilikuwa na bei tatu: 16GB kwa dola 499, 32GB kwa dola 599, 64GB kwa dola 699.

Hebu tupige hesabu. Kutoka 16 hadi 32 unalipa dola 100 kupata GB 16 zaidi. Kutoka 32 hadi 64 unalipa dola 100 ileile, lakini unapata GB 32. Kama bei ilikuwa inafuata gharama ya memori, mbona GB ileile iwe nusu bei ukipanda ngazi moja? Jibu langu: bei haikufuata memori. Ilifuata akili yako. Ngazi ya chini iko pale ujisikie umebanwa, ngazi ya juu iko pale ya kati ionekane ya busara.

Mwaka wa 2014 mchezo ukawa wazi zaidi. iPad Air 2 ilikuja na 16, 64 na 128. Ile ya 32, ambayo ingewatosha wengi, haikuwepo. Umeona? Ukitaka zaidi ya 16, unaruka mara nne, na unalipa.

Na iPad haijawahi kuwa na tundu la memori kadi, hata siku moja. Memori yake imeunganishwa kwa bodi kiwandani, na hivyo ndivyo ilivyo kwa karibu kila tableti. Sio kama laptopu ya zamani ambayo fundi anafungua anakuongezea. Uamuzi unaofanya kaunta ndio utaishi nao hadi siku utauza hiyo kitu.

GB za kwa boksi na GB za ukweli

Kuna jambo lingine muuzaji hakuambii. Namba iko kwa boksi sio namba utapata.

Kwanza, watengenezaji wanahesabu GB 1 kama baiti bilioni 1. Mifumo mingine inahesabu kwa 1,024, na ndio unapata 64 inaonekana kama 59 na kitu. Pili, mfumo wenyewe unakaa humo ndani kama jamaa aliyekuja kukutembelea wikendi akahamia. Mwaka wa 2013, kabla Surface Pro ianze kuuzwa, Microsoft yenyewe ilisema ile ya 64GB ingemwachia mteja karibu GB 23. Mwishoni mwa 2014, wateja waliishtaki Apple huko California wakisema mfumo wa iOS 8 unameza hadi asilimia 23.1 ya nafasi iliyotangazwa kwa boksi.

Na kwa kawaida mfumo haupungui. Mara nyingi unaongezeka na masasisho. Angalia iPad ya bei ya chini: 2017 ilianza na 32GB, 2021 ikawa 64, 2025 ikawa 128. Kampuni yenyewe inakuambia ile ya chini ya jana haitoshi leo. Sasa wewe ukinunua tableti unataka ikae miaka minne ama mitano, mbona ununue namba ambayo watengenezaji washaanza kuikimbia?

Landilodi anarudi

Hapa ndipo mtu huniambia, "Lakini siku hizi kuna wingu. Weka kila kitu huko."

Sawa. Tuangalie historia ya wingu pia.

Aprili 2004 Google ilitoa Gmail na GB 1 ya bure wakati Hotmail ilikuwa inakupa MB 2. Watu walidhani ni utani wa siku ya wajinga. Oktoba 2011 Apple ikaleta iCloud na GB 5 za bure. Mei 2015 Google Photos ikaja na ahadi tamu kuliko zote: picha zako zote zilizobanwa kidogo, bure, bila kikomo. Watu wakafuta picha kwa simu kwa amani. Kwa nini ununue GB nyingi na kuna mtu anakuhifadhia bure?

Tarehe 1 Juni 2021, hiyo ya bure bila kikomo ikaisha. Kuanzia siku hiyo picha mpya zinahesabiwa kwenye GB 15 zako, ambazo pia ndizo Gmail na Drive wanakula. Na iCloud? Kutoka 2011 hadi leo, bure ni 5 ileile. Kamera zimekua, video zimekua, lakini 5 imebaki 5.

Hiyo ni stori ya landilodi yeyote. Mwezi wa kwanza bure, mwenye nyumba anacheka na wewe. Ukishaingiza kitanda, kabati na meko, kodi inaanza. Na kuhama ni kazi, kwa sababu kushusha GB 80 zako kutoka wingu kunataka bando, na bando ni pesa. Kwa mtu mwenye waifai ya nyumbani hiyo ni usiku mmoja. Kwa mtu wa bando la siku, hiyo ni bajeti ya chakula.

Watu wanafikiri nafasi ikijaa shida ni picha tu. Akaunti ya Google ikijaa, Gmail inaacha kupokea barua. Sasa fikiria umetuma maombi ya atachimenti kumi, mtu wa ofisi anakuandikia uje intavyuu, na barua inamrudia. Hata hautajua uliitwa. Mimi niliacha kampasi, na kazi zangu karibu zote huingia kwa imeli, kwa hivyo hii sio nadharia kwangu. Akaunti iliyojaa video za harusi ya binamu inaweza kukunyima kodi ya mwezi.

Lakini ploti pia ina wezi

Nisiwapotoshe. Kumiliki sio kinga. Tableti inanyakuliwa kwa dirisha la matatu, inaanguka, memori kadi inakufa bila kuaga. Kitu kilicho mahali pamoja tu ni kitu umeshakubali kupoteza. Kwa hivyo wingu liko na kazi yake, na kazi hiyo ni ndogo na ya maana: vyeti, CV, nakala ya kitambulisho, ripoti ya mradi, picha za watu wako ambazo huwezi kupiga tena. Hizo zinaenea kwenye GB 15 za bure kama hautajaza takataka.

Vitu vizito, muvi, video ghafi, michezo, msimu wa series, hivyo vikae kwako. Kwa tableti, kwa kadi, kwa diski ya nje.

Sasa namba

Kama tableti ni ya noti za PDF, kusoma, kuchora na kutazama muvi, chukua 128. Bajeti ikikataa kabisa, chukua 64 yenye tundu la memori kadi, kama Galaxy Tab A9 ya 2023, halafu nunua kadi halisi kwa duka unaloamini. Jua tu kwamba kadi ni ya mafaili, programu nyingi zitaendelea kukaa ndani. Tableti ya 64 isiyo na tundu, niachie muuzaji nayo.

Kama unahariri video, dakika moja ya 4K inaweza kula kati ya MB 170 na 350 kulingana na mpangilio. Video ghafi ya dakika 30 inaweza kufika GB 10. Chukua 256, na SSD ya nje ya kuhamishia kazi ikiisha. 512 kwenda juu, ngoja hadi kazi yenyewe ilipie.

Na kabla ukubali kuongeza "kidogo," uliza swali moja: hiyo pesa ya kupanda ngazi ingeninunulia nini nje? Kama tofauti ya bei inatosha kupata diski ya nje ya 1TB, jamaa wa kaunta anakuuzia ngazi, sio nafasi.

Wengi wenye RAMAC walilipa kodi kwa sababu hawakuwa na njia nyingine rahisi. Sisi tunayo. Lipa mara moja kwa vitu unavyotumia kila siku, panga kidogo kwa vitu huwezi kupoteza, na wiki hii, kabla hata ununue chochote, fungua akaunti yako uone imebaki GB ngapi. Ikiwa imejaa, anza kufuta leo, kwa sababu hujui nani anajaribu kukuandikia.